Ushindi Mmoja wa Earl Ross na Hesabu ya Mwaka 1974

Mwaka 1974 mashindano ya daraja la juu ya NASCAR, chama kinachosimamia mbio za magari zinazopendwa sana Marekani, yalikuwa na mbio 30. Richard Petty alishinda 10. Cale Yarborough naye 10. David Pearson akachukua 7, na Bobby Allison 2. Ukijumlisha unapata 29. Ile moja iliyobaki, iliyofanyika tarehe 29 Septemba kwenye uwanja wa Martinsville, jimbo la Virginia, ilikwenda kwa Mkanada aitwaye Earl Ross, ambaye bado alikuwa akihesabiwa miongoni mwa chipukizi wa mashindano hayo. Wanaosimulia historia ya mchezo huu humtaja Ross kwa sentensi mbili tatu, wakamtia kwenye kapu la maajabu, kisha wakarudi kwa Petty na Yarborough. Mimi naona kapu hilo silo lake. Hoja yangu ni kwamba ushindi katika mchezo huu hugawiwa mara mbili. Mgao wa kwanza hufanyika karakanani na kwenye ofisi za wadhamini, ambako huamuliwa nani apate gari linaloweza kushinda. Mgao wa pili hufanyika uwanjani, ambako wale wachache waliopata gari hilo hushindana wao kwa wao. Mgao wa kwanza ndio mkali zaidi, na Ross ni ushahidi wake ulio wazi, kwa sababu mlango wa mgao huo ulifunguliwa kwake kwa sehemu ya msimu mmoja tu, akaingia, akashinda, kisha ukafungwa.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, inafaa niueleze kidogo. Wale waliozoea mbio za Safari, ambamo magari huondoka moja moja na kupita porini, kwenye matope na vumbi, hapa wasitafute kufanana. Mbio za NASCAR hukimbiwa kwa kuzunguka, magari yote yakiwa uwanjani kwa wakati mmoja, na kwa kawaida uwanja ni wa umbo la duaradufu, kwa hiyo dereva hukata kona za kushoto tu kwa saa tatu au nne. Magari yenyewe yalianza kama magari ya dukani, Ford na Chevrolet ambazo mtu angeweza kwenda nazo kazini Jumatatu. Kufikia miaka ya 1970 yalikuwa yamebaki na sura ya dukani tu. Ndani yalifungwa fito za chuma za kumkinga dereva, na injini zake zilikuwa zimefumuliwa na kuundwa upya na mafundi ambao siri zao hazikutoka nje ya karakana. Chama chenyewe kilizaliwa Desemba 1947 katika mkutano ulioitishwa na Bill France huko Daytona Beach, Florida, na makao yake ya moyo yalikuwa majimbo ya kusini, ambako baadhi ya madereva wa mwanzo walijifunza kukimbiza gari kwa kusafirisha gongo usiku huku maofisa wa kodi wakiwafuata nyuma.

Canada haikuwa mbali na mchezo huu. Mbio za kwanza za daraja la juu la NASCAR kufanyika nje ya Marekani zilikuwa Niagara Falls, Ontario, tarehe 1 Julai 1952, na Buddy Shuman alizishinda. Mwaka 1958 mashindano yalifika Toronto, Lee Petty akashinda, na siku hiyohiyo mwanawe Richard, aliyekuja kuwa bingwa mara 7, alikimbia mbio zake za kwanza kabisa za daraja hilo. Yaani mfalme wa mchezo huu alianzia kazi yake ya daraja la juu Canada. Lakini ziara hizo zilikuwa za Wamarekani kwenda kucheza ugenini na kurudi kwao. Njia ya kuelekea upande wa pili, ya Mkanada kuteremka kusini na kukaa huko, haikuwa imetengenezwa.

Earl Ross alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha Fortune, kwenye kisiwa cha Prince Edward, akaishi Ailsa Craig, mji mdogo wa Ontario ulio karibu na London ya huko Canada. Alijijenga kwenye viwanja vya Ontario, na mwaka 1973 akaonekana kwa mara ya kwanza kwenye daraja la juu, katika mbio za Daytona 500. Msimu uliofuata ndio uliompa jina. Ulikuwa msimu wa ajabu tangu mwanzo wake. Vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu vilikuwa vimeifanya Marekani ihesabu kila galoni, na NASCAR, kwa kuogopa kuonekana inachezea petroli, ikapunguza urefu wa mbio kwa asilimia 10 katika sehemu ya kwanza ya msimu. Hata Daytona 500 yenyewe ikakimbiwa maili 450. Katika hali hiyo fedha za udhamini zilikuwa adimu, na Ross alikuwa nazo. Aliungwa mkono na Carling, kampuni ya bia ambayo asili yake ni London hiyohiyo ya Ontario. Carling ilipoingia kuidhamini karakana ya Junior Johnson katikati ya msimu, Ross naye akaingia humo, akawa mwenza wa Cale Yarborough, akiendesha Chevrolet namba 52.

Jina la Junior Johnson si la kupita juu kwa juu. Alikuwa mtu wa Wilkes County, North Carolina, aliyefungwa kwa kosa la gongo miaka ya 1950, akatoka, akashinda mbio 50 kama dereva, akaacha kuendesha, kisha akawa mmoja wa wamiliki wa timu waliofanikiwa kuliko wote. Kuwa na gari lililotoka kwake kulimaanisha kupata injini, breki na mafundi ambao timu nyingine nyingi zingeweza kuviota tu. Ross alikimbia mbio 21 mwaka huo. Kumi kati ya hizo alimaliza ndani ya 10 bora, na tano ndani ya 5 bora. Jumla ya pointi ikamweka nafasi ya 8, naye akatangazwa dereva chipukizi bora wa mwaka. Nafasi hiyo ya 8 ina uzito zaidi ukijua jinsi pointi zilivyohesabiwa. Mwaka 1974 NASCAR ilijaribu utaratibu wa kushangaza: fedha za zawadi alizoshinda dereva zilizidishwa kwa idadi ya mbio alizoanza, kisha zikagawanywa kwa 1,000. Aliyekosa mbio 9 kati ya 30, kama Ross, aliadhibiwa mara mbili, kwa zawadi alizokosa na kwa kizidisho kilichopungua. Utaratibu huo uliachwa mwaka uliofuata, na ni vyema uliachwa. Hata hivyo naona ulikuwa wa kweli kuliko wenyewe walivyokusudia, kwa kuwa ulikiri kwenye karatasi kwamba katika mchezo huu fedha na pointi ni kitu kimoja.

Sasa twende Martinsville. Ni uwanja mdogo kuliko viwanja vyote vya daraja la juu, kidogo zaidi ya nusu maili, nao una umbo la kibanio cha karatasi: njia mbili ndefu zilizonyooka na kona mbili zilizobana, zenye mwinuko mdogo. Dereva hukanyaga mafuta mpaka mwisho wa mstari ulionyooka, hukanyaga breki kwa nguvu zote, huzungusha usukani, hutafuta mahali pa kurudisha mafuta bila matairi ya nyuma kuteleza, halafu huanza tena. Mizunguko ni 500 na kila mzunguko una kona mbili, kwa hiyo breki hukanyagwa mara 1,000. Kwenye viwanja vikubwa kama Daytona au Talladega injini yenye nguvu inaweza kuficha udhaifu wa mtu aliyeshika usukani. Martinsville haifichi. Anayetamani kupita kila gari mapema huchemsha breki, na breki zikishachemka hazimrudii mpaka bendera ya mwisho. Anayegusa ukuta au kugongana mara kwa mara huharibu mpangilio wa magurudumu, na kutoka hapo gari humvuta mahali asipotaka kwenda. Na zama hizo usukani ulizungushwa kwa nguvu ya mabega, bila msaada wowote wa mitambo.

Siku hiyo Yarborough, mwenza wa Ross, alikuwa akiongoza, na kila dalili ilionyesha kwamba ushindi ungekuwa wake. Injini yake ikaharibika. Ross akachukua uongozi na kuushikilia mpaka mwisho, akimwacha Buddy Baker, aliyekuwa wa pili, kwa zaidi ya mzunguko mzima. Zawadi ya Martinsville, tangu mwaka 1964, ni saa kubwa ya kusimama ya mbao, yenye urefu wa mtu mzima, na ndiyo aliyokabidhiwa Ross.

Pingamizi la kwanza hutokea hapohapo: alishinda kwa sababu mwingine aliharibikiwa. Ni kweli kwamba injini ya Yarborough ingedumu, huenda leo tusingekuwa na mada. Lakini anayelitoa pingamizi hili na alitumie kwa haki, yaani kwa wote. Mbio za maili mia kadhaa za miaka ile zilikuwa jaribio la kudumu, kwa dereva na kwa chuma, na idadi kubwa ya ushindi wa Petty, Pearson na Yarborough mwenyewe ilipatikana magari ya wengine yakiwa yameegeshwa nyuma ya uzio yakifuka moshi. Hakuna anayeyafuta mafanikio yao kwa sababu hiyo. Swali lenye maana ni kwa nini, injini ya Yarborough ilipozimika, aliyekuwa tayari kuupokea uongozi alikuwa Ross, na kwa nini aliyemfuata alikuwa nyuma kwa mzunguko mzima. Bahati inaweza kumsogeza mtu nafasi moja mbele. Haimpi pengo la mzunguko mzima juu ya dereva wa kiwango cha Baker.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nami nalikubali nusu. Linasema: aliyeshinda ni gari la Johnson, na yeyote angelikalia angeshinda. Nusu ninayoikubali ndiyo hoja yangu mwenyewe, kwamba bila gari la namna ile Ross asingekuwa na nafasi. Nusu ninayoikataa ni ile inayodhani kwamba jambo hilo ni aibu ya Ross peke yake. Rudi kwenye hesabu ya 1974. Benny Parsons alikuwa bingwa mtetezi, aliyetwaa taji la 1973. Mwaka 1974 hakushinda hata mbio moja, halafu mwezi Februari 1975 akashinda Daytona 500. Je, alisahau kuendesha Januari akakumbuka baada ya mwaka? Baker, yule aliyekuwa wa pili Martinsville, alimaliza maisha yake ya mbio akiwa na ushindi mara 19, ukiwamo wa Daytona 500 mwaka 1980. Mwaka 1974 naye aliambulia sifuri. Mbio 30 zilipogawanywa kwa watu watano, wengine wote waliobaki na sifuri hawakuwa wabovu ghafla. Magari yaliyoweza kushinda kila wiki yalikuwa machache kama vidole vya mkono mmoja, na madereva wenye uwezo wa kuyashindisha walikuwa wengi kuliko magari hayo. Kwa hiyo orodha ya washindi hutuambia kwanza nani alipewa nafasi, kisha, miongoni mwa waliopewa, nani aliitumia. Ross aliitumia. Na tukitaka kulinganisha kwa haki, gari lililovunjika injini na gari lililofika lilitoka karakana moja.

Wapo pia wanaosema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kiti chake kilinunuliwa kwa fedha za bia. Sauti ya chini haihitajiki. Mashindano yote yaliitwa Winston Cup, na Winston ni sigara. Kampuni ya R.J. Reynolds iliingia NASCAR mwaka 1971 baada ya Marekani kupiga marufuku matangazo ya sigara kwenye televisheni, ikatafuta mahali pengine pa kumwaga fedha zake. Gari la Petty lilivaa jina la STP, kampuni ya viongeza vya mafuta na oili, tangu 1972. Katika mchezo uliojengwa hivyo, kumnyooshea kidole mtu mmoja kwa kuwa na mdhamini ni sawa na kumlaumu mvuvi mmoja tu ufukweni kwa kulowana. Tofauti ya kweli kati ya Ross na wenzake ilikuwa nyingine, nayo ilijitokeza msimu ulipokwisha. Carling ilijiondoa. Yarborough naye alipoteza udhamini uleule, siku ileile. Johnson akabaki na Yarborough, akaendelea naye mwaka 1975 kwa tabu, na kuanzia 1976 wawili hao wakatwaa ubingwa miaka 3 mfululizo, jambo ambalo hakuna dereva aliyekuwa amelifanya. Ross hakubaki.

Kwa nini mmoja alishikiliwa na mwingine akaachwa? Jibu jepesi ni kwamba Yarborough alikuwa dereva bora, na sina sababu ya kulipinga. Alikuwa ameshinda Daytona 500 tangu 1968, na Ross alikuwa na msimu mmoja. Ila jibu hilo linaeleza kwa nini Johnson alimchagua Yarborough. Halielezi kwa nini hakuna mwenye karakana nyingine yenye nguvu aliyemchukua dereva chipukizi bora wa mwaka, aliyetoka kushinda Martinsville. Kuona uzito wa jambo hili, tazama aliyefuata. Baada ya Ross, chipukizi mwingine kushinda mbio za daraja la juu alikuwa Dale Earnhardt, mwaka 1979 huko Bristol. Earnhardt alikuwa mtoto wa Kannapolis, North Carolina, na mwaka uliofuata akawa bingwa. Silinganishi vipaji vyao. Nalinganisha masoko yao. Jina la dereva wa Carolina lilikuwa na wanunuzi palepale alipokimbia: mwenye duka la vipuri, muuza kuku, muuza bia, wote walijua kwamba uso wake kwenye tangazo ungewavuta majirani zake. Jina la Ross lilikuwa na thamani Ontario, na Ontario mbio za daraja la juu hazikuwapo. Kampuni pekee iliyokuwa na sababu ya kumlipia ilikuwa ya nyumbani kwake, na ilipoondoka hakukuwa na ya pili. Katika maisha yake yote ya daraja la juu alianza mbio 26. Ukitoa zile 21 za 1974, zinabaki 5, zilizotawanyika katika misimu mingine mitatu. Baada ya 1976 hakurudi tena.

Mtu anaweza kuniuliza: ikiwa kikwazo kilikuwa mlango na wala si uwezo, mbona wageni wengine wameshinda? Wameshinda, lakini tazama wapi. Juan Pablo Montoya wa Colombia alishinda Sonoma 2007 na Watkins Glen 2010. Marcos Ambrose wa Australia alishinda Watkins Glen 2011 na 2012. Shane van Gisbergen wa New Zealand alishinda kwenye mitaa ya Chicago 2023. Hizo zote ni njia zenye kona za kushoto na za kulia, za aina ambayo madereva hao waliijua tangu kwao. Mkanada Ron Fellows naye alitambulika hivyohivyo: aliitwa na timu kubwa pale ratiba ilipofika Watkins Glen, akawa wa pili katika daraja la juu mwaka 1999 na tena 2004, kisha wiki iliyofuata gari likarudi kwa mwenyewe. Katika madaraja ya chini alishinda mara kadhaa, mojawapo ikiwa Montreal mwaka 2008 chini ya mvua, siku ambayo magari ya NASCAR yalikimbia mbio za pointi kwenye maji yakiwa na matairi ya mvua. Mgeni wa namna hiyo anakaribishwa kama fundi wa kazi maalumu, anayeitwa bomba likipasuka. Kwenye duaradufu, ambako ndiko msimu huamuliwa, waliozaliwa nje ya Marekani wakashinda katika daraja la juu ni wachache mno: Mario Andretti, mzaliwa wa Istria aliyekwisha kuchukua uraia wa Marekani, huko Daytona 1967; Daniel Suárez wa Mexico, huko Atlanta 2024; na Ross. Katika hao watatu ni Ross peke yake aliyeshinda kwenye uwanja mfupi, ule wa breki na mabega. Anayesema ushindi wa Ross ulikuwa wa kubahatisha hana budi aeleze kwa nini bahati hiyo iliangukia aina ya uwanja ambao hakuna mgeni mwingine aliyewahi kuushinda.

Canada ilijibu kwa kujijengea nyumba yake. Mwaka 1981 iliundwa CASCAR, mashindano ya magari ya aina hii kwa ajili ya Wakanada, na mwaka 2006 NASCAR ikayanunua, ikawa na tawi lake rasmi huko. Sina hakika kama hilo ni la kushangiliwa tu. Tawi hilo limewapa madereva wa Ontario, Quebec na British Columbia mahali pa kupata riziki na sifa, nalo ni jambo zuri. Lakini pia limemwezesha kila mwenye karakana ya Carolina kusema kwamba Wakanada wana kwao. Wachache wamevuka hadi daraja la malori, akiwamo Raphaël Lessard wa Quebec, aliyeshinda Talladega mwaka 2020, na hata huko swali la kwanza analoulizwa dereva ni lilelile la mwaka 1974: umekuja na mdhamini gani?

Ross alirudi Ontario, akaendelea kukimbia mbio za huko kwa miaka mingi, akaingizwa kwenye jumba la heshima la michezo ya magari la Canada, akafariki Septemba 2014 akiwa na umri wa miaka 73. Wanaopanga madereva kwa idadi ya ushindi wataendelea kumweka chini kabisa ya ukurasa, pamoja na wengine walioshinda mara moja, na kwa kipimo hicho wako sahihi. Ninachowaomba ni kwamba kando ya safu ya ushindi waandike safu ya pili, inayoonyesha kila dereva alipata mbio ngapi akiwa ndani ya gari lenye uwezo wa kushinda. Kwa safu hiyo Ross atapanda kurasa nyingi. Na katika safu ile ya kwanza, mpaka sasa, hakuna Mkanada mwingine aliyeshinda mbio za daraja la juu la NASCAR.